Nyumba Bila Ardhi Si Uzushi wa Mombasa

Kauli hii naisikia kila mara, hata kwa mawakili wenzangu: duniani kote mwenye ardhi ndiye mwenye nyumba, na mambo ya Majengo na Kisauni, mitaa ya Mombasa ambako mtu hujenga nyumba yake kwenye kiwanja cha mwingine na kumlipa kodi ya kiwanja, yaani nyumba bila ardhi, ni mazoea tu ya watu wasio na hati. Si kweli. Na kwa kauli hii watu wanabomolewa nyumba zao.

Kanuni hiyo ni ya Kirumi, na Waingereza waliishika sana. Mwaka 1997, katika kesi ya Elitestone dhidi ya Morris, ilikubaliwa kwamba nyumba ya mbao iliyokalia tu nguzo za zege ni sehemu ya ardhi, kwa kuwa haingeondoka bila kuvunjwavunjwa. Lakini Ufaransa, kwa sheria ya 1804, mwenye ardhi anadhaniwa tu kuwa mwenye jengo. Ukileta ushahidi, dhana hiyo inaanguka. Ujerumani tangu 1919 ina haki ya kujenga na kumiliki jengo juu ya ardhi ya mwingine. Japani, iliyochota sheria zake hukohuko Ulaya, inaisajili nyumba peke yake na ardhi peke yake. Mpangaji wa kiwanja aliyesajili nyumba yake pale analindwa hata kiwanja kikiuzwa.

Sheria ya Kiislamu nayo haioni shida. Ardhi ya wakfu hukodishwa miaka mingi, anayejenga akabaki mwenye jengo, naye hulipa kodi ya kiwanja. Huo ndio msingi wa utaratibu wa Mombasa. Hata sheria ya hati za ardhi ya 1908, ya Pwani, ilimhesabu mwenye hati kuwa mwenye nyumba na minazi isipokuwa hati imeandikwa vinginevyo; yaani ilikubali kwamba nyumba inaweza kuwa ya mwingine. Ilifutwa 2012. Haki zilizopatikana kabla ya hapo zimehifadhiwa. Haki za nyumba zilizojengwa baadaye ndizo zinazonitia shaka, na sioni vitabu vikilikabili swali hilo.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi madai haya yanavyopelekwa mahakamani. Mtu ana risiti za kodi ya kiwanja za miaka 30, kisha kwenye hati moja ya madai anaandikiwa mambo mawili: kwamba ana nyumba bila ardhi, na kwamba ardhi ni yake kwa kuikalia zaidi ya miaka 12. Yanauana! Miaka 12 huhesabiwa kwa anayekaa bila ruhusa ya mwenye ardhi, na kila risiti ni ushahidi wa ruhusa. Risiti zile zile zinazookoa nyumba ndizo zinazozika dai la ardhi. Chagueni moja. Mwenye risiti ashike nyumba: alete risiti zote kwa mpangilio wa tarehe, kibali cha ujenzi kama kipo, na mashahidi waliomwona mwenye ardhi akipokea kodi huku nyumba ikijengwa.

Anayenunua nyumba ya namna hii asitosheke na maandishi ya kwa chifu. Kwanza afanye upekuzi ofisi ya ardhi ajue hati iko kwa jina la nani leo, kwa sababu mara nyingi kodi inapokelewa na mtoto wa marehemu asiye na barua ya usimamizi wa mirathi. Halafu mwenye ardhi atie sahihi ya kukubali na kuandika jina la mnunuzi kwenye kitabu chake cha kodi kabla pesa hazijatoka, maana ruhusa aliyopewa muuzaji haimfuati mnunuzi yenyewe.