Je, wajua kwa nini filamu za Kihindi zina makao Mumbai na si Delhi?

Wengi wetu Afrika Mashariki tunaifahamu Mumbai kwa njia mbili: ama kuna ndugu aliyepelekwa huko kutibiwa, ama tulikulia mbele ya runinga tukimsubiri staringi apigwe kwanza ndipo alipize kisasi. Lakini ukiitazama ramani ya India, swali linajileta lenyewe. Filamu hizi zinasemwa Kihindi, na Kihindi ni lugha ya kaskazini, huko Delhi na Lucknow. Wenyeji wa Mumbai husema Kimarathi, na jirani zao wa Gujarat husema Kigujarati. Ilikuwaje sinema ya lugha ya watu wengine ikaweka makao kwenye mji wa bandari ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Delhi?

Jibu lake limesimama barabarani. Mgeni mwenye siku mbili tatu anaweza kulifuata kwa miguu na kwa treni, na papo hapo akawa ameuona mji.

Anzia Kala Ghoda, kusini mwa mji. Kuna jengo kuukuu pale liitwalo Esplanade Mansion, ambalo watalii wengi hulipita bila kuligeukia. Zamani lilikuwa Hoteli ya Watson. Vyuma vyake vilitengenezwa Uingereza, vikaletwa kwa meli na kuunganishwa hapa katika miaka ya 1860. Humo ndimo, tarehe 7 Julai 1896, watu walipolipa rupia moja kila mmoja kutazama picha zinazotembea: treni ikiingia stesheni, wafanyakazi wakitoka kiwandani. Ndugu wawili Lumière walikuwa wameuonyesha mtambo wao kwa umma jijini Paris Desemba 1895, kwa hiyo ilichukua miezi sita na siku chache tu kufika India. Na haukuja Bombay, kama mji ulivyoitwa hadi 1995, kwa mapenzi yoyote maalumu. Mjumbe wao, Marius Sestier, alikuwa njiani kwenda Australia, na tangu Mfereji wa Suez ufunguliwe mwaka 1869 Bombay ilikuwa mlango wa India kwa meli zitokazo Ulaya. Delhi wakati huo haikuwa hata mji mkuu. Mji mkuu ulikuwa Calcutta, bandari nyingine kubwa upande wa mashariki, na huyo ndiye aliyekuwa mpinzani wa kweli wa Bombay kwa miaka hamsini iliyofuata.

Bandari peke yake haitoshi. Sinema inakula fedha kabla haijarudisha hata senti, na fedha ya Bombay ilitoka kwenye pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliwakatia Waingereza pamba ya kusini mwa Marekani. Viwanda vya nguo vya Lancashire vikaigeukia India, bei ikapaa, na wafanyabiashara wa Bombay wakatajirika kwa kasi iliyowashangaza wenyewe. Vita vilipokwisha bei iliporomoka na wengine wakafilisika, lakini mji ulishabadilika: bahari ilifukiwa kupata ardhi, viwanda vya nguo vikajengwa, mabenki yakaongezeka. Stesheni kuu ya treni, ambayo leo inaitwa Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus, ni mtoto wa zama hizo. Ilikamilika mwaka 1888 kwa mchoro wa Frederick William Stevens, na tangu 2004 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ina minara, makuba na wanyama waliochongwa kwenye mawe. Nenda jioni watu wanapotoka kazini, usimame pembeni kabisa, maana hakuna atakayekusubiri umalize kupiga picha.

Sasa suala la lugha. Kabla ya sinema Bombay ilikuwa na tamthilia, na waliokuwa mbele katika biashara hiyo walikuwa Waparsi, jamii ya waumini wa Zoroasta waliotoka Uajemi karne nyingi nyuma. Kuanzia miaka ya 1850 makundi yao yaliigiza visa vya wafalme, majini na wapenzi, vilivyojaa nyimbo na ngoma. Reli ilipotandazwa, makundi hayo yakaanza kuzunguka India nzima, na hapo Kigujarati hakikutosha. Wakachukua Kihindustani, ndugu wa karibu wa Kihindi, ile lugha ya sokoni na barabarani ambayo Mwislamu wa Lahore na Mhindu wa Benares waliielewa sawasawa. Mtu akikuuliza kwa nini filamu ya Kihindi haiishi bila nyimbo, mpeleke kwenye jukwaa la Waparsi.

Filamu ndefu ya kwanza ya India inayotajwa na wengi, Raja Harishchandra ya Dhundiraj Govind Phalke, ilionyeshwa kwa umma Mei 1913 katika ukumbi wa Coronation, mtaa wa Girgaum. Ilikuwa bubu, na malkia wake aliigizwa na mwanamume, mpishi wa mgahawa aitwaye Salunke, kwa sababu hakupatikana mwanamke aliyekubali kusimama mbele ya kamera. Filamu bubu haina shida ya lugha. Shida ilikuja sauti ilipoingia. Ardeshir Irani, Mparsi, alipotoa Alam Ara tarehe 14 Machi 1931 katika ukumbi wa Majestic, hukohuko Girgaum, angeweza kuchagua Kimarathi akauza jimboni tu. Alichagua Kihindustani, akatia nyimbo saba, na polisi wakaitwa kuzuia umati mlangoni. Hakuna nakala ya filamu hiyo iliyobaki, na ukumbi wenyewe ulishavunjwa, kwa hiyo hapa mgeni hana cha kuona.

Cha kuona kipo Marine Drive, kilomita tatu na ushei za barabara ya ufukweni. Kwenye ardhi iliyofukiwa baharini yalijengwa, miaka ya 1930 na 1940, magorofa ya kona za mviringo ya mtindo wa Art Deco, na majumba ya sinema yakafuata mtindo huohuo: Regal mwaka 1933, Eros 1938, Liberty 1949. Mimi ningeipa Liberty nafasi ya kwanza. Majumba ya kifahari ya kusini yalikuwa yakionyesha filamu za Kiingereza, na za Kihindi zikiachiwa kumbi za hali ya chini. Liberty ilijengwa mahsusi kwa filamu za Kihindi, na jina lake lilisherehekea uhuru wa 1947.

Mwaka huohuo wa 1947 ndio uliomaliza ushindani. India ilipogawanywa, Lahore, mji uliokuwa na studio zake na waigizaji wake, ukabaki Pakistan, na Wahindu na Kalasinga wengi waliofanya kazi huko wakakimbilia Bombay. Jimbo la Bengali, lenye Calcutta, nalo likakatwa vipande viwili, Calcutta ikapoteza sehemu kubwa ya watazamaji wake, na waongozaji kama Bimal Roy wakahamia Bombay. Angalia chimbuko la mastaa wenyewe: Dilip Kumar na Raj Kapoor walizaliwa Peshawar, Amitabh Bachchan Allahabad, Shah Rukh Khan ni kijana wa Delhi. Mji haukuwazaa, uliwaajiri. Kutoka hapo filamu zilivuka bahari hadi majumba ya sinema ya Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, na baadhi ya nyimbo zake zikaishia kwenye taarabu.

Je, mgeni anaweza kuona filamu ikipigwa? Hapo punguza matarajio. Studio nyingi za zamani zimekufa, na uwanja wa R.K. Studio, uliojengwa na Raj Kapoor mtaa wa Chembur mwaka 1948, uliuzwa kwa kampuni ya majengo. Kazi kubwa hufanyika Film City, Goregaon, iliyoanzishwa na serikali ya jimbo mwaka 1977 kandokando ya Hifadhi ya Sanjay Gandhi, ambako hata chui huwa wanazurura. Kuna ziara za basi, ila mara nyingi utaonyeshwa mahekalu ya mbao na mahakama zisizo na hakimu, huku kazi yenyewe ikiendelea nyuma ya mlango uliofungwa. Ukitaka historia, nenda Makumbusho ya Taifa ya Sinema ya India, yaliyofunguliwa Januari 2019 ndani ya jumba la kale la Gulshan Mahal, barabara ya Pedder.

Na wanaotaka sura za watu huenda kusimama nje ya mageti. Jumapili jioni umati hukusanyika Juhu nje ya nyumba ya Bachchan. Sikukuu ya Idi hukusanyika Bandra, nje ya Mannat, nyumba ya Shah Rukh Khan iliyo mkabala na bahari, ingawa mwaka 2025 alihama kwa muda ili ikarabatiwe. Wakati mwingine wenyewe hutokea wakapunga mkono, wakati mwingine jua linazama hivihivi.

Gateway of India, lango kubwa la kumbukumbu lililo ufukweni, nayo huwezi kuikwepa, na ina kisa kinachoufaa mji huu. Iliagizwa kwa heshima ya Mfalme George V, lakini alipoteremka Desemba 1911 lango halikuwapo, akaonyeshwa mfano wa maboksi. La mawe lilifunguliwa mwaka 1924. Pembeni yake ndipo zinapong'oa nanga boti za kwenda Elephanta, mwendo wa kama saa moja, kuona mapango yenye sanamu ya Shiva mwenye nyuso tatu, urefu wa mita sita hivi. Jumatatu mapango hufungwa, na kuanzia Juni hadi Septemba mvua za masika yao huchafua bahari.

Kama ni sehemu moja tu, kata tiketi ya ukumbi wa sinema wa Maratha Mandir, karibu na stesheni ya Mumbai Central. Filamu ya Dilwale Dulhania Le Jayenge ilianza kuonyeshwa hapo Oktoba 1995, na Desemba 2014 ikatimiza wiki 1,000. Ukumbi ulifungwa wakati wa korona, ulipofunguliwa wakairudisha. Tiketi ni ya bei ya chini, na watazamaji wengi wanayajua maneno kuliko waigizaji.