Kabla ya kuuliza uzito, pima upana

Jumamosi asubuhi, pale kwenye mitumba ya Mwanga, kuna kijana muuza viatu ambaye huniita nikiwa bado mbali: "Dokta, leo kuna vyepesi!" Wiki iliyopita alinirushia raba ya kijivu, nyepesi kama ganda la karanga. Niliigeuza, nikaikunja, pua ikagusa kisigino bila ubishi. Kisha nikaingiza vidole vinne vya mkono kwa ndani, sehemu ya mbele, nikajaribu kuvitanua. Havikutanuka. Nikamrudishia.

"Dokta, na wepesi wote huo?"

Na wepesi wote huo, mdogo wangu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kigoma mjini, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita nikiwa nimeshika nyayo za watu. Tangu viatu vya mtindo wa peku vianze kuonekana mitandaoni, vile vyenye soli nyembamba na kisigino kisichoinuka, vilivyoshonwa ili mguu ufanye kazi kana kwamba hauna kiatu, watu wananijia na swali moja: nipate wapi kile chepesi cha kuvaa kila siku? Wanaanzia mwisho. Wepesi ndiyo sifa ya mwisho kuiangalia. Ya kwanza ni nafasi ya vidole.

Mguu mmoja una mifupa 26 na viungo 33. Unapokanyaga, tao la unyayo linashuka kidogo, vidole vinatanuka kushika ardhi, halafu kidole gumba kinasukuma ili mwili uende mbele. Kidole gumba kikibanwa na kulazwa upande wa wenzake, hakisukumi sawasawa. Mzigo wake unahamia nyuma ya kidole cha pili na cha tatu, na ngozi ya pale inajijengea sugu. Nikiiona sugu hiyo, naomba kwanza nikione kiatu, mguu utafuata.

Mwaka jana alikuja mwalimu mmoja, mama wa makamo, anayetembea kwenda kazini na kurudi. Alikuwa ameacha viatu vya mchuchumio kwa sababu ya maumivu, akanunua vile viatu bapa vya kike vilivyo wazi juu. Soli nyembamba, hakuna kisigino, vinakunjika. Kwa kuvitazama tu ungesema ni viatu vya peku. "Vyepesi mno, dokta, hata sivisikii mguuni," alisema, "ila jioni hapa mbele panawaka moto."

Nikatandika karatasi sakafuni, nikamwomba asimame juu yake kwa uzito wake wote, nikauzungushia mguu penseli niliyoishika wima. Kisha nikaweka kiatu chake juu ya mchoro. Mguu ulikuwa umemwagika nje ya kiatu pande zote mbili, na upande wa kidole cha mwisho mstari ulizidi kwa upana wa kidole changu cha shahada. Aliutazama mchoro kwa muda. "Kumbe hiki kiatu kilishonwa kwa mguu wa mtu mwingine."

Karatasi hiyo ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko namba iliyochapwa ndani ya kiatu. Chora jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Chora ukiwa umesimama, kwani mguu uliobeba mwili ni mpana na mrefu kuliko mguu wa mtu aliyeketi. Chora yote miwili, maana ni nadra kulingana, halafu fuata ule mkubwa. Pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengine ni cha pili, kisha ongeza sentimita 1. Namba za viatu za Ulaya, hizi za 38, 39, 40, zimepangwa kwa theluthi mbili za sentimita kila moja. Mwenye mguu wa sentimita 25 anatafuta nafasi ya ndani ya 26, na hiyo inamwangukia 39. Ila namba ni ya urefu peke yake. Upana utauona kwenye karatasi: kata mchoro wako kwa mkasi, uingie nao sokoni, uuweke chini ya kiatu. Kama soli ya ndani inatoka, itoe usimame juu yake. Kidole chochote kikiangukia nje, acha, hata muuzaji akuape kwamba kitatanuka kikizoea. Ngozi laini hutanuka kidogo, lakini soli haitanuki kamwe.

Sifa ya pili ni ubapa. Raba nyingi za kukimbilia zimeinua kisigino kwa milimita 10 hadi 12 kuliko mbele, hata zile ambazo kwa nje zinaonekana bapa, kwa kuwa spanji imefichwa ndani. Kuijua ni rahisi: ingiza kidole gumba ndani ya kiatu na kidole cha shahada chini yake, ubane pale kisigino, kisha ubane pale mbele chini ya vidole. Unene ukitofautiana, mkono utakwambia.

Kwa mji wa vilima kama huu, jambo hilo lina uzito. Aliyetembea kutoka stesheni ya reli kule chini karibu na ziwa, akapandisha Barabara ya Lumumba hadi Mwanga, anajua vigimbi vyake vilivyolalamika. Kisigino kikishushwa, kano ya kisigino inavutwa zaidi, na kwenye mpando inavutwa zaidi tena. Aliyevaa visigino kwa miaka kumi ana vigimbi vilivyozoea kuwa vifupi, na kuvirefusha kunataka wiki nyingi. Kwenye mteremko taabu inageuka: mguu unateleza mbele, vidole vinagonga pua ya kiatu. Kwa hiyo kiatu cha peku cha hapa kwetu kiwe na kamba, au mkanda unaokaza juu ya mguu. Vile vya kuchomeka tu vinafaa kwa miji tambarare.

Hapo ndipo mtu huniuliza kuhusu kandambili. Ni bapa, pana mbele, nyepesi na inakunjika, basi si ndiyo kiatu cha peku chenyewe? Mtazame aliyevaa kandambili akiteremka, uangalie vidole vyake. Vimekunjwa kama vinang'ang'ania kitu, kwa sababu nyuma hakuna kinachoushika mguu. Mtu anayeshinda nazo kutwa nzima anatembea akiwa amekunja vidole kwa kila hatua, na jioni misuli ya chini ya unyayo imechoka kwa kazi isiyo yake. Wekea kandambili hiyo mkanda wa nyuma, umepata kiatu kingine kabisa.

Unene wa soli unaamuliwa na barabara unayopita. Lengo la soli nyembamba ni kuacha unyayo uhisi ardhi, ili mwili upokee habari na ujisawazishe mapema. Ngozi ya unyayo ina uwezo mkubwa kuliko tunavyoudhani: mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliolinganisha watu wa Kenya na Marekani, ukaonesha kwamba sugu nene ya mtu aliyezoea peku haimpunguzii hisia za unyayo. Inamkinga na bado anahisi. Spanji nene ya kiatu haina uwezo huo.

Hata hivyo simshauri mtu kutembea peku mjini. Minyoo ya safura huingia kwa kupenya ngozi ya mguu, funza wanasubiri vumbini, na msumari wenye kutu jirani na gereji unaweza kumletea pepopunda asiye na chanjo. Anayepita lami na sakafu za ofisi anatosheka na mpira wa milimita 3 au 4. Anayekatiza vichochoro vya Ujiji au kushuka Kibirizi kufuata dagaa, penye kokoto na vipande vya chupa, mimi humwambia atafute 6, ilimradi soli bado inakunjika kwa mkono mmoja. Msimu wa mvua nao una masharti yake. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza kama umepakwa mawese, na soli laini isiyo na meno itakuangusha. Meno yawe yameachana, vinginevyo matope yanajaa katikati na soli inarudi kuwa laini.

Basi, uzito. Kwa mkimbiaji, kila gramu 100 zinazoongezwa mguuni humwongezea matumizi ya nguvu kwa karibu asilimia 1. Ni kweli, na mwenye kutembea sana huuhisi wepesi. Lakini kiatu ukikiondolea kisigino, spanji na ile plastiki ngumu ya nyuma, wepesi umeshapatikana wenyewe bila kuutafuta.

Viatu hivi vya kampuni za ng'ambo, kama Vivobarefoot na Xero Shoes, ni vizuri, ila vingi vya kampuni hizo za bei ya juu huvuka dola 100 kabla ya usafiri, na kununua kiatu usichokijaribu mguuni ni bahati nasibu. Mimi humtuma mgonjwa kwa fundi viatu. Katambuga zetu tayari ni bapa na pana, kasoro yake ni soli, kwa sababu fundi hukata mgongo wa tairi, ambao ni mnene, una nyaya za chuma, na haukunjiki. Nilipompelekea fundi mmoja mzee ombi langu, alikataa kwanza.

"Nikikata ubavu wa tairi, mwanangu, hautakaa miaka mitano."

"Najua, mzee, lakini nataka mguu ukunjike."

Akachukua ubavu wa tairi la gari dogo, akaupapasa, akaukunja, akaukata kwa kufuata mchoro wangu wa karatasi bila kuuchonga pua. Alifunga mikanda miwili mbele na mmoja nyuma. Nimevivaa viatu hivyo misimu miwili ya mvua. Kwa ofisini, fundi huyohuyo hushona ngozi nyeusi juu ya mpira mwembamba, na anayekutazama mbele ya meza ya kazi haoni tofauti na kiatu kingine cha heshima.

Sasa sehemu ambayo naiandika nikiwa na jeraha la kumbukumbu. Jozi yangu ya kwanza kabisa ya viatu vya peku ilipofika, niliipenda mno, nikatembea nayo kwenda kazini na kurudi tangu siku ya kwanza. Wiki ya tatu, juu ya mguu wa kulia, pale nyuma ya kidole cha pili, pakaanza kuuma nikibonyeza kwa kidole. Maumivu ya mfupa hayafanani na ya misuli: yanakaa mahali pamoja, pa ukubwa wa sarafu. Nilijua ni nini, mfupa uliozidiwa na mzigo, kwa sababu huwaeleza wagonjwa kila wiki. Nilirudi kwenye kiatu kigumu kwa wiki sita. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wakimbiaji waliohamia kwenye viatu vya Vibram FiveFingers, vile vya peku vyenye nafasi ya kila kidole, kwa wiki 10, na kati ya 19 waliovitumia, 10 walionekana kwenye picha za MRI, zinazoonesha ndani ya mwili kwa sumaku, wakiwa na uvimbe ulioongezeka ndani ya mifupa ya mguu. Misuli huimarika ndani ya wiki chache, mfupa unachelewa nyuma yake. Na faida ipo kwa mwenye kungoja: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021 ulionesha kwamba waliovaa viatu vya namna hii katika shughuli zao za kawaida kwa miezi sita waliongeza nguvu za mguu kwa wastani wa asilimia 57.

Kwa hiyo wiki ya kwanza vaa nusu saa kwa siku, nyumbani au kwenda dukani, kisha ongeza polepole kwa miezi miwili au mitatu. Kabla ya kulala, simama ukiegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino kimeshika sakafu, uvute kigimbi kwa nusu dakika. Piga hatua fupi. Wala usianze kutembea kwa ncha za vidole kwa kuwa umesoma kwamba wanaokimbia peku hutua kwa mbele. Hiyo ni habari ya kukimbia. Binadamu anayetembea, hata peku, hutua kwa kisigino.

Kuna ambao siwaruhusu. Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia za nyayo, na aliyewahi kuugua ukoma mishipa ya fahamu ikaathirika, wanahitaji soli inayowakinga, kwani kwao kokoto hutoboa bila taarifa. Kliniki tunawapima kwa uzi wa nailoni unaojipinda kwa shinikizo la gramu 10: asiyeuhisi ukigusa unyayo, mjadala wa soli nyembamba umeishia hapo. Mwenye kiungo cha kidole gumba kilichokakamaa naye hufaidika na soli ngumu, kwa sababu kukunjika ndiko kunakomuumiza.

Yule mwalimu sasa ana jozi mbili kutoka kwa yule fundi, nyeusi ya darasani na kahawia ya Jumapili. Alirudi mwezi uliopita, mguu hauna tatizo, amemshika mkono binti yake wa darasa la pili aliyevaa viatu vya shule vilivyochongoka mbele. "Dokta," alisema, "nimekuja na karatasi yangu mwenyewe." Tukaitandika sakafuni, mtoto akavua soksi, akasimama juu yake akichekacheka kwa kutekenywa na penseli.