Laki nne na nusu, chumba cha kulala na gitaa la mjomba: nimerudi kurekodi nyumbani

Mwaka 2018 niliuza vyombo vyangu vyote vya studio, kuanzia spika mpaka waya wa mwisho, ili kulipia matibabu ya mama. Sijajutia hata siku moja. Tangu hapo nimekuwa fundi mitambo wa kukodiwa: harusi, kwaya, mikutano, mahafali ya shule. Sauti za watu zilipita mikononi mwangu zikaenda zao, nami sikubaki na hata wimbo mmoja wa kusema huu nimeurekodi mimi.

Kilichonirudisha ni mjomba. Ana miaka 74, anaishi nasi hapa Tanga, na anapiga gitaa kavu kwa mtindo wa taarabu ya mji huu. Wanaoifuatilia taarabu wanajua kuwa ni vikundi vya Tanga kama Black Star na Lucky Star vilivyolipa gitaa nafasi yake kwenye muziki huo, mambo yakawa tofauti na orkestra kubwa za Unguja zenye fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Mjomba alijifunza kwa kuwasikiliza wale. Ana nyimbo kumi na moja alizotunga mwenyewe, hazijaandikwa popote, na vidole vyake vimeanza kukaza asubuhi. Siku aliyoniambia, "Mwanangu, hizi nikizilaza na mimi zimekwisha," nilikwenda kuhesabu akiba yangu. Ilikuwa shilingi 450,000.

Wengi wanaoniuliza jinsi ya kuanza, au kuanza upya, huuliza swali la mashine: ninunue saundi kadi gani (kile kifaa kinachoingiza sauti ya maiki kwenye kompyuta), programu gani, kompyuta yenye nguvu kiasi gani? Kwa mwenye hela ya mawazo, hilo ni swali la mwisho. Maiki haichagui. Inarekodi mwimbaji pamoja na ukuta ulio nyuma yake, dari, friji ya jikoni na bodaboda ya jirani. Kwa hiyo nilianza na chumba.

Chumba changu cha kulala ni mita tatu kwa tatu, kuta za tofali za saruji, sakafu ya vigae. Simama katikati ya chumba kama hicho upige kofi moja kali. Utasikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, kama chemchemi ya chuma. Ni sauti inayorushwa kati ya kuta mbili zinazotazamana, na kwenye rekodi ndiyo inayofanya msikilizaji ajue mara moja kwamba mtu huyu aliimbia chumbani. Tena chumba cha mraba kina tatizo la besi: kwa urefu wa mita tatu, masafa ya hezi 57 hivi (mitetemo 57 kwa sekunde) hujikusanya, na kwa kuwa pande zote mbili ni sawa, yanajikusanya mara mbili mahali pale pale. Ndiyo maana siketi katikati ya chumba wala kwenye kona ninaporekodi.

Hapa lazima niseme kuhusu trei za mayai, kwa sababu bado naziona zimegandishwa kwenye kuta za vijana waliotumia wiki nzima kuzikusanya. Hazisaidii kiasi wanachodhani. Ili kitu kinyonye sauti vizuri, unene wake unatakiwa ukaribie robo ya urefu wa wimbi. Sponji ya sentimita 10 inafanya kazi nzuri kuanzia kama hezi 850 kwenda juu. Karatasi ya trei ni nyembamba, inachukua kidogo masafa ya juu kabisa na kuyaacha yale ya katikati ambako sauti ya mwanadamu inakaa. Matokeo yake ni sauti butu ambayo bado ina mwangwi. Ni heri blanketi nzito mbili zilizoning'inizwa mbali kidogo na ukuta kuliko trei mia mbili. Ile nafasi ya hewa nyuma ya blanketi inashusha masafa yanayonyonywa, na hewa haiuzwi.

Mimi nilitengeneza fremu nne za mbao, kila moja na kina cha sentimita 10, nikazijaza sufi niliyoitoa kwenye godoro la zamani la bibi. Juu yake nikaziba kwa kanga. Kipimo cha kitambaa ni rahisi: kiweke mdomoni upulize; pumzi ikipita, na sauti itapita. Plastiki na turubai havifai. Kazi nzima pamoja na mbao na misumari ilinigharimu 45,000. Ukitumia sufi, iweke mbali na mshumaa na soketi, maana inashika moto upesi mno.

Fremu mbili kati ya hizo nne zinakaa nyuma ya mwimbaji. Watu wengi huziweka nyuma ya maiki, nami nilifanya hivyo miaka mingi. Maiki nyingi za kuimbia husikia zaidi mbele, na kwa nyuma karibu hazisikii kitu. Sasa mbele ya maiki kuna nini? Kuna mwimbaji, na nyuma yake ukuta unaorudisha sauti moja kwa moja kwenye mdomo wa maiki. Ukiwa na godoro moja tu duniani, lisimamishe nyuma ya mgongo wa mwimbaji.

Fremu hizi hazizuii kelele za nje. Kunyonya ni kazi moja na kuzuia ni nyingine. Kuzuia kunahitaji uzito na kuziba kila upenyo, yaani ujenzi, na hiyo si hela ya laki nne. Kwangu dawa ni saa. Nasi tunarekodi kati ya saa nane na saa kumi usiku, baada ya bodaboda kutulia na kabla ya majogoo na adhana ya alfajiri. Mjomba hakulalamika, watu wa taarabu huo ndio wakati wao. Pangaboi linazimwa, tunavumilia joto, na friji inazimwa. Ufunguo wa mlango wa mbele nauweka ndani ya friji hiyo, ili nisiweze kutoka asubuhi bila kukumbuka kuiwasha. Mvua ikianza kupiga mabati, tunafunga kazi.

Sasa maiki. Nilinunua Shure SM58 iliyotumika kwa 110,000. Hii ni maiki ya dainamiki iliyoko sokoni tangu 1966, haihitaji umeme, na inavumilia kudondoka. Kwa sababu inapendwa, bandia zake ni nyingi. Halisi ina uzito wa gramu 298, kwa hiyo niliomba mizani ya duka la jirani. Mbili za kwanza nilizoletewa hazikufika hata gramu 230. Uzito peke yake hautoshi. Ichomeke, useme mbele yake, kisha izungushe useme nyuma yake. Sauti isiposhuka sana, irudishe.

Utasikia mafundi wakisema dainamiki "haisikii chumba". Si kweli kwa namna wanavyoisema. Kinachokuokoa ni ukaribu. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayotoka mdomoni kwenda kwenye maiki hupanda desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati mwangwi wa chumba unabaki pale pale. Dainamiki inakuruhusu uimbe kwa sentimita tano au kumi bila kulia vibaya, basi unasogea, na chumba kinapotea. Kwa kijana anayeingiza sauti juu ya biti, hiyo ndiyo maiki ya kununua, na asisumbuke zaidi.

Kwa mjomba ilinishinda. Yeye hawezi kuimba bila gitaa wala kupiga bila kuimba. Nilipojaribu kuvitenganisha, nyimbo zilikufa. Nilipojaribu kumpa mdundo wa kompyuta masikioni, alivua hedifoni akaniambia, "Huyu anayegonga hajui ninapopumua." Ana haki. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga kwa pamoja, wapigaji wakisikilizana, na kasi ya wimbo ilipanda na kushuka pamoja nao. Bila hilo rekodi zile zisingekuwa na uhai tunaousikia mpaka leo.

Saundi kadi yangu ina tundu moja tu la maiki. Kwa hiyo maiki moja ilibidi ichukue mdomo na nyuzi kwa wakati mmoja, na kwa kazi hiyo lazima isogee nyuma, sentimita 35 hadi 40. Kwa umbali huo dainamiki inatoa sauti ndogo sana. Nilifungua gaini, yaani kitufe cha kukuza sauti ya maiki, mpaka mwisho, na mvumo wa saundi kadi ukapanda nao, shhh nzima nyuma ya gitaa. Bahati nzuri kijana mmoja wa kwaya alikuwa na maiki ya kondensa iliyokaa kabatini, naye alihitaji ya jukwaani. Tulibadilishana. Kondensa inahitaji volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, kwa hiyo hakikisha kitufe hicho kipo kabla hujanunua. Sauti yake ni kubwa zaidi, mvumo umepotea, lakini kwa umbali ule inasikia kila kitu. Kama nisingekuwa nimeshughulikia chumba kwanza, ubadilishaji huo ungekuwa hasara.

Kurekodi kwa maiki moja ni kazi ninayoipenda kuliko zote, na ningependa kila anayeanza aipitie. Huna vitufe vya kuongeza gitaa baadaye. Uwiano unaupata kwa mikono yako. Niliiweka maiki usawa wa kifua cha mjomba, imeinama kidogo. Gitaa likizidi, naipandisha kwa upana wa vidole viwili kuelekea mdomoni. Besi ya gitaa ikivuma, naiondoa mbele ya tundu na kuielekeza pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa. Herufi za "p" na "b" zikipuliza, namgeuza yeye kidogo pembeni, pumzi inapita kando. Usiku wa kwanza tulikaa saa nzima na nusu tukisogeza hivi, hatujarekodi hata ubeti. Usiku wa pili nyimbo tatu ziliingia.

Vifaa vingine nitavipitia haraka. Saundi kadi iliyotumika 130,000, hedifoni za kufunika masikio 90,000, stendi 35,000, waya 20,000. Jumla pamoja na chumba ni 430,000, na elfu ishirini iliyobaki iliishia kwenye bando na nauli. Kompyuta ni ile ile ya mpakato niliyokuwa nayo, ina zaidi ya miaka kumi na ram ya GB 8. Inatosha, kwa sababu treki moja au nne hazielemei mashine. Kinachoielemea ni plagini, vile viprogramu vya kurembesha sauti. Rekodi bila plagini hata moja, uziweke baadaye.

Programu natumia Reaper. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Nimeshaanza kuweka akiba yake. Asiyeweza kabisa, Audacity ni ya bure na kwa maiki moja itamfikisha. Za kuvunjwa kufuli siziweki tena kwenye mashine yangu. Zamani niliwahi kupoteza rekodi za mwaka mzima kwa virusi vilivyokuja na programu ya namna hiyo, na zile sauti hazirudi. Siku hizi kila usiku kabla ya kulala nakopi kazi mara mbili, moja kwenye diski ya nje na nyingine kwenye flashi inayokaa kwa dada.

Kama saundi kadi yako ina kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja, kitumie. Ukipitisha sauti kwenye kompyuta inachelewa: bafa (fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulipitisha) ya sampuli 128 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 3 kwa upande mmoja, lakini kompyuta kongwe ikikwama ukapandisha hadi 1,024, inakuwa 23, na mwimbaji anajisikia kama yuko kisimani. Gaini usiipandishe mpaka taa nyekundu. Kilele kikifika desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya pale sauti inapoanza kukwaruza, panatosha. Saundi kadi ya biti 16 ina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, na hakuna nyumba ya mtaani kwetu iliyo kimya kiasi hicho.

Halafu kuna mngurumo wa umeme, ule wa hezi 50. Kabla hujamlaumu fundi wa nyumba, chomoa chaja ya kompyuta urekodi kwa betri. Kwangu uliisha hapo hapo. Umeme ukikatika pia, kazi inaendelea.

Spika sina, na sitanunua mwaka huu. Katika chumba cha mita tatu zingenidanganya kwenye besi. Namiksi kwa hedifoni, sauti ya chini, kisha nasikiliza kwenye simu na kwenye redio ya bajaji ya rafiki yangu. Kwa mjomba miksi yenyewe ni ndogo: napunguza kidogo uvumi chini ya hezi 80, naongeza mwangwi mfupi, basi.

Jana jioni nilimvalisha hedifoni asikilize wimbo wa tatu. Alifumba macho mpaka mwisho. Kisha akasema uzi wa tatu wa gitaa ulikuwa umelegea kuanzia ubeti wa pili, na kwamba neno moja la kibwagizo amelikumbuka vizuri zaidi sasa. Nilirudisha nyuma nikasikiliza. Uzi kweli umeshuka. Tunaurudia wimbo Alhamisi usiku, saa nane.