Je, wajua? Mtoki unaweza kuwa na chembe za kiungo kingine bila kuwa na saratani

Mgonjwa wa saratani akipasuliwa, mara nyingi uvimbe hautolewi peke yake. Hutolewa pia tezi za limfu zilizo jirani, ili ijulikane kama ugonjwa umesambaa. Kiswahili kinatuchanganya kidogo hapa, kwa sababu tezi ya limfu na tezi inayotoa mate, jasho au maziwa zote tunaziita tezi. Basi ile ya limfu nitaiita mtoki, hata kama haijavimba.

Mtoki huchuja majimaji ya mwili yaitwayo limfu na kuhifadhi seli za kinga. Vijitundu vilivyozungukwa na safu ya seli, kama vya tezi inayotoa ute, si vya pale. Mtaalamu wa patholojia akiviona kwenye hadubini, wazo la kwanza ni kwamba saratani imeshafika. Na mara nyingi ndivyo ilivyo. Ila kuna nyakati seli hizo hazina hatia yoyote.

Zimefikaje? Chukua tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio, ile inayovimba mtu akiugua matumbwitumbwi. Mtoto akiwa bado tumboni, tezi hiyo na mitoki ya hapo hukua pamoja, na ganda la tezi huchelewa kufunga. Likifunga, mitoki mingine hubaki ndani ya tezi, na vipande vya tezi hubaki ndani ya mitoki. Mtu huishi navyo maisha yake yote.

Kwa wanawake, mitoki ya nyonga huweza kuwa na vijitundu vinavyofanana kabisa na utando wa mrija wa uzazi. Hali hii huitwa endosalpingiosisi. Wapo wanaosema seli hizo zilichopoka kwenye mrija zikasafiri na limfu. Wengine wanasema utando wa tumbo, ambao asili yake ni moja na mrija, ndio uliojigeuza. Kwapani nako huweza kukutwa vipande vya titi visivyo na ugonjwa.

Kinachosaidia zaidi kutofautisha ni mahali seli zilipokaa. Limfu huingia kwenye mtoki kupitia mfereji mwembamba ulio chini tu ya ganda, kwa hiyo saratani inayosafiri nayo kwa kawaida hutua hapo kwanza. Vijitundu visivyo na madhara hupenda kukaa ndani ya ganda lenyewe au kwenye kuta zinazotoka humo. Kisha huangaliwa sura: seli za endosalpingiosisi zimejipanga kwa utulivu, hazionekani zikigawanyika, na baadhi zina vijinywele vile vile vinavyosaidia kusukuma yai kwenye mrija. Seli ya saratani ni nadra kuwa na vijinywele hivyo.

Kukiwa na shaka, hutumika rangi maalumu za kutambua protini. Seli za mrija huwa na protini iitwayo PAX8, ilhali saratani ya titi kwa kawaida haina, kwa hiyo seli za aina ya mrija zikikutwa kwapani kipimo hicho husaidia sana. Lakini kama mgonjwa ana saratani ya ovari, hakitoshi, maana nayo mara nyingi ina PAX8. Hapo hakuna njia ya mkato: kioo cha hadubini chenye kipande cha mtoki huwekwa kando ya kioo cha uvimbe wa kwanza, seli zikalinganishwa.

Shingoni mimi ningekuwa mgumu zaidi kuamini. Seli za tezi ya thairodi zikikutwa kwenye mtoki wa ubavuni mwa shingo, wataalamu wengi huzihesabu kuwa saratani iliyosambaa hata zikionekana za kawaida, kwa sababu saratani ya thairodi inajua kujificha.

Makosa hapa yana gharama. Kwenye saratani ya mji wa mimba, mtoki mmoja wa nyonga wenye saratani unatosha kumpeleka mgonjwa hatua ya tatu, na matibabu hubadilika. Kosa la upande wa pili nalo lipo, kwani vijitundu visivyo na hatia na saratani huweza kukaa ndani ya mtoki mmoja. Ndiyo maana mtaalamu aliyekwisha kuandika "endosalpingiosisi" huendelea kukagua kile kioo mpaka ukingoni.