Mheshimiwa amesoma, hajajibu

Katika kikao kimoja cha elimu ya uraia, mama mboga mmoja alinipa simu yake nisome. Alikuwa amemwandikia mbunge wake kwenye WhatsApp: "Mheshimiwa, barabara ya sokoni imeharibika, tunaumia." Alama mbili za buluu zilikuwapo. Miezi minne ilikuwa imepita bila jibu.

Mama huyu hakukosea kuandika. Kosa lilikuwa mlango aliobisha. Soko na barabara za kaunti ni kazi ya serikali ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010, kwa hiyo wa kuulizwa kwanza ni mwakilishi wadi. Mbunge mwulize kuhusu sheria, kodi, na pesa za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, zinazojenga madarasa na kulipa basari. Wengi wetu tunamtumia mbunge kila kitu, na yeye anapata kisingizio cha kunyamazia hata yale yanayomhusu.

Mlango ukishajulikana, kuna jambo la pili ambalo watu hawaambiwi vya kutosha. Ujumbe wa WhatsApp au X humfikia mbunge kama mtu. Haufiki kwenye meza ya kamati ya Bunge. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge lifanye kazi zake peupe na kuwashirikisha wananchi. Ndiyo maana mswada ukifikishwa kwa kamati, tangazo la kuomba maoni hutolewa magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, likiwa na tarehe ya mwisho na anwani ya barua pepe ya Karani wa Bunge. Maoni yaliyotumwa hapo, kabla ya siku hiyo, ndiyo kamati inayopaswa kuyapima inapoandika ripoti yake.

Tuliona nguvu ya mitandao mwaka 2024. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa lugha za nyumbani kwenye TikTok, wakawapigia wabunge simu na kuwatumia ujumbe mchana na usiku. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye mkate iliondolewa kabla ya kura. Hata hivyo, Juni 25 wabunge 195 waliupitisha mswada dhidi ya 106. Siku hiyo damu ya vijana ilimwagika, na kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Nikikumbuka gharama hiyo, natamani sana maoni yawe yanasikilizwa mapema, mswada ukiwa bado mikononi mwa kamati.

Basi ukiandika, taja mswada, kifungu, unachotaka kibadilishwe na sababu yako. "Tumekataa" ni kauli halali, ila karani hana pa kuiweka. Linganisha na hii: "Nauza mkate kijijini. Ukitozwa VAT, wateja wangu watapunguza mkate mezani kwao. Napendekeza mkate wa kawaida ubaki bila kodi hiyo." Mistari mitatu tu, na mjumbe wa kamati anajua la kufanya. Matusi yaache, yanampa sababu ya kukuziba.

Kama jambo lako halimo katika mswada wowote, Ibara ya 119 inakupa haki ya kupeleka ombi rasmi. Humo utaeleza kuwa ulishajaribu kwa ofisi husika bila kuridhika, na kwamba jambo lenyewe haliko mahakamani. Kisha utaje wazi unachoomba, uweke jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Kwa sababu lina namba ya kitambulisho, usilisambaze kwenye kikundi cha mtaa.

Baadaye ingia mtandaoni kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa Bungeni, utafute jina la mbunge wako na uone alisema nini, au kama alisema chochote.

Tuliketi na yule mama tukaandika upya, safari hii kwa mwakilishi wadi: jina la barabara, kipande kibovu kutoka wapi hadi wapi, picha mbili, na swali moja: ukarabati umo katika bajeti ya mwaka huu? Kabla ya kutuma aliniuliza kama ni lazima iwe kwa Kiingereza. Nikamfungulia Ibara ya 7 aisome mwenyewe: Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pia. Akatuma.