"Went" ilitoka wapi?

Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza aliandika: "I goed to the market." Nilishika kalamu nyekundu nikasita. Kosa ni kosa, lakini hesabu yake ilikuwa sawa kabisa: "walk" huzaa "walked", "play" huzaa "played". Iweje "go" izae "went", neno lisilofanana nayo hata kwa herufi moja?

Haikuizaa. Kiingereza cha kale, cha miaka 1000 na zaidi iliyopita, kilisema "gan" kwa kwenda, na kwa wakati uliopita kikasema "eode", nalo ni neno la asili nyingine. Kando yake kulikuwa na kitenzi "wendan", yaani kugeuka au kushika njia. Hicho ndicho kilichozaa "went", kwa mtindo uleule wa "send" na "sent". Watu wakazoea kusema "went" wakimaanisha "alikwenda", na kufikia karne ya 15 "eode" ilikuwa imesukumwa nje kusini mwa Uingereza. "Wend" yenyewe imebaki katika msemo "wend one's way". Waskoti nao walijitengenezea "gaed". Ndiyo "goed" ya mwanafunzi wangu! Nilimsahihisha, kisha nikamsimulia hayo.

Kwetu pia kitenzi hiki hakifuati wenzake. Mtoto tunamwambia "soma", "lala", lakini siyo "enda", tunasema "nenda". Tunasema "nilikwenda" na mara nyingi ile "ku" haitaki kutoka, ingawa wengi husema pia "nilienda". Waganda husema "okugenda", Wanyarwanda "kugenda". Sisi "g" imetudondoka njiani.

Panapowaumiza wengi ni "gone" na "been". Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, mtu alimwandikia mgeni kwamba bosi "has been to Nairobi", akikusudia kwamba ameenda Nairobi. Mgeni akaelewa kwamba bosi alishakwenda na kurudi, akaja, akakaa kwenye benchi mpaka jioni. Asiyerudi bado ni "has gone to Nairobi". "Has been" ni wa aliyefika huko akarudi, au aliyewahi kufika.

Halafu kuna "going to". Zamani "I am going to buy fish" ilikuwa ya mtu aliye njiani, kapu mkononi. Kwa kuwa anayekwenda kununua samaki bado hajawanunua, maneno hayo yakaanza kubeba wakati ujao, hata pasipo na safari. Ndiyo maana Mwingereza husema "It is going to rain", na mvua haina miguu.

Sisi njia hiyo tuliipita kwa kitenzi kingine. "Ta" ya "nitakuja" ni mabaki ya "taka", kama "will" yao ilivyokuwa kutaka hapo zamani. Kwa hiyo ukitazama wingu jeusi ukasema "mvua itanyesha", kwa asili ya maneno hayo umesema mvua inataka kunyesha.