Mtumiaji root kwenye seva ya simu

Nyumba ya wageni pale Shela, kisiwani Lamu, haina haja ya kununua mtambo wa simu wa bei ghali. Kompyuta ndogo yenye Linux na Asterisk, programu ya bure ambayo Mark Spencer aliianzisha mwaka 1999, inatosha kabisa kuunganisha mapokezi, jikoni na vyumba. Kinachowakwamisha watu wengi hutokea kabla simu ya kwanza haijalia: wanaambiwa hawana ruhusa, na kompyuta ni yao wenyewe.

Linux humtambua mtumiaji kwa namba. Mwenye namba 0 ndiye root, na huyo hazuiwi na ruhusa za faili: husoma, hubadilisha na kufuta karibu kila kitu. Watumiaji wa kawaida kwenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, huanzia 1000. Kusakinisha mtambo wa simu ni kuandika ndani ya folda za mfumo, /etc na /usr, kuanzisha huduma na kuunda watumiaji wapya, na hizo zote ni kazi za root.

Sasa, tatizo lenyewe mara nyingi huzaliwa kwenye skrini moja ya kusakinisha Debian, ile inayouliza neno la siri la root. Ukiliandika, root anakuwa hai, lakini yule mtumiaji wako wa kwanza hapewi sudo, yaani amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya root. Ukiiacha nafasi tupu, root anafungwa na mtumiaji wa kwanza ndiye anayepewa sudo. Watu hubonyeza tu wapite, kisha wanafuata maelekezo ya mtu aliyechagua njia ile nyingine. Wakiandika sudo wanaambiwa majina yao hayamo kwenye sudoers, orodha ya wanaoruhusiwa kuitumia. Wakijaribu su, amri ya kugeuka kuwa root, neno lao la siri linakataliwa, kwa sababu su hutaka neno la siri la root, ilhali sudo hutaka la kwako mwenyewe.

Dawa kwa aliyeweka neno la siri la root: andika su - na hicho kistari usikiache. Tangu Debian 10, su bila kistari hukupa mamlaka lakini inabaki na njia zako za zamani za kutafuta amri, kwa hiyo usermod, amri ya kubadilisha akaunti za watumiaji iliyo ndani ya /usr/sbin, itaonekana kana kwamba haipo. Ukishaingia vizuri, hakikisha sudo imesakinishwa, kisha andika usermod -aG sudo na jina lako. Halafu toka, uingie upya. Wengi huiruka hatua hii ya mwisho wakadhani amri haikufanya kazi, kumbe uanachama wa kundi husomwa wakati wa kuingia.

Na kuna jambo ambalo ningependa kila fundi alishike: kwenye seva ya FreePBX, yaani Asterisk inayosimamiwa kupitia ukurasa wa wavuti, kuna mamlaka tatu, si moja. Yuko root wa Linux. Yuko mtumiaji aitwaye asterisk, ambaye ndiye anayeendesha simu. Na yuko admin wa ukurasa wa wavuti, unayemuunda wewe mara ya kwanza unapoufungua. Neno la siri la admin halikufanyi root. Kinyume chake, mwenye root anaweza kumrudisha admin aliyesahau lake.

Ukihariri faili ndani ya /etc/asterisk ukiwa root, faili jipya linaweza kuwa mali ya root. Ukirudi kwenye ukurasa wa wavuti kuhifadhi mabadiliko, asterisk anashindwa kuliandika. Amri ya fwconsole chown hurudisha umiliki mahali pake. Tafadhali usikimbilie chmod 777, amri inayomfungulia faili kila mtu. Humo ndani mna maneno ya siri ya ekstensheni zote, yaani namba za simu za ndani, na mwizi akiyapata atapiga simu za nje ya nchi kwa gharama yako.

Kuingia kwenye seva kwa mbali ni shida nyingine. Tangu toleo la 7.0 la OpenSSH, programu ya kuingilia kwa mbali, la mwaka 2015, root haruhusiwi kuingia kwa neno la siri isipokuwa mtu abadilishe mpangilio. Usiubadilishe, ingia kwa jina lako, kisha tumia sudo. Ukikosea neno la siri mara kadhaa, fail2ban, programu inayowazuia wanaobahatisha maneno ya siri, itaifungia anwani yako ya mtandao kwa muda, na hapo hata neno lililo sahihi halitakusaidia.

Maneno yote yakisahaulika, hakuna njia ila mtu afike mbele ya mashine. Kwa fundi wa Malindi hiyo ni safari ya barabara hadi Mokowe, kisha boti. Akifika, anawasha seva, anabonyeza e kwenye menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, na katika mstari unaoanza na linux anageuza ro kuwa rw na kuongeza init=/bin/bash mwishoni. Anabonyeza F10, anaandika passwd, anaweka neno jipya, kisha reboot -f. Basi. Mgeni yeyote mwenye kibodi anaweza kufanya hivyo hivyo, kwa hiyo seva isikae wazi chini ya kaunta ya mapokezi. Iwekwe kwenye kabati lenye kufuli, na GRUB iwekewe neno lake la siri.